Chakula cha Kujaza Tumbo na Chakula cha Kuleta Damu



Kama unaishi katika kijiji chochote cha Nakivale, bila shaka umeshaona mmoja wetu akipita nyumba kwa nyumba na mkanda wa kupimia mkono wa mtoto. Mkanda huo ni wa watoto wa miezi 6 hadi miaka 5 na una rangi tatu. Mkono ukiwa na sentimita 12.5 au zaidi, kipimo kinaangukia kwenye kijani. Kati ya 11.5 na 12.5 ni njano, maana yake mtoto ameanza kupungua. Chini ya 11.5 ni nyekundu, na hapo hatusubiri kesho.

Mimi nilipima watoto wa watu karibu mwaka mzima kabla sijampima mtoto wa nyumbani kwetu. Sikuona sababu. Mtoto wa dada yangu alikuwa na miezi 14, alikula posho kila siku, alishiba, tumbo lilionekana. Siku moja mama mmoja alikataa nimpime mtoto wake. Akaniambia mbele ya watu, "Anza na wa kwenu." Nilirudi nyumbani na hasira, nikampima mtoto wetu ili nikamwonyeshe yule mama kwamba sisi kwetu ni kijani. Mkanda ukasema 12.1. Nikarudia mara ya pili, nikidhani nimevuta vibaya. Ni 12.1.

Tulimpeleka kituo cha afya. Nesi alimvuta kope ya chini ya jicho, ndani palikuwa peupe. Akaangalia viganja, navyo vilikuwa vyeupe. Wakamtoboa kidole, malaria hakuna, lakini damu ilikuwa chini. Tulipewa dawa ya kuongeza damu na dawa ya minyoo. Halafu nesi akamuuliza dada yangu swali ambalo sisi tuliofundishwa kazi hii tunawauliza wengine kila siku: jana mtoto alikula nini? Posho na maharage. Na juzi? Posho na maharage. Maharage yenyewe, au mchuzi wake? Dada yangu akanyamaza kidogo. Mchuzi. Na anakunywa nini akimaliza kula? Chai.

Nataka kukueleza katika makala haya kile tulichokuja kuelewa baada ya siku ile, kwa sababu naona nyumba nyingi zinapika kama tulivyokuwa tunapika sisi.

Najua kuna atakayesema: dada, unatufundisha kupika nini, chakula chenyewe kiko wapi? Ana haki. Posho ya wakimbizi imekatwa mara nyingi. Mwaka 2020 WFP ilipunguza mgao hapa Uganda, 2021 ikapunguza tena, na mwaka 2023 familia ziligawanywa katika makundi matatu, kila kundi na kiasi chake, na wale waliohesabiwa kwamba wanaweza kujitegemea wakaachwa. Sitakudanganya kwamba ujuzi wa kupika unajaza gunia tupu. Lakini nyumbani kwetu hatukuongeza pesa yoyote mwezi ule. Tulibadilisha tu namna ya kupika na kitu tulichonunua kwa pesa ile ile.

DAMU INATENGENEZWA NA NINI

Mwili unahitaji madini ya chuma ili kutengeneza damu. Chuma hicho kiko cha namna mbili. Kile cha nyama, maini, kuku na samaki, mwili unakichukua kwa urahisi. Kile cha maharage, karanga na majani ya mboga, mwili unakichukua kwa shida, sehemu kubwa inapita na kutoka. Sisi wengi wetu tunaishi kwa hiki cha pili. Kwa hiyo kazi ya mpishi ni kukisaidia kiingie.

Kuna vitu vinavyokisaidia na kuna vinavyokizuia. Kinachosaidia ni vitamini C, iliyomo ndani ya limau, ndimu, chungwa, pera, papai, nyanya mbichi na majani mabichi. Kamulia limau juu ya maharage au mboga wakati wa kula, sio wakati inachemka, maana moto unaiua. Kipande kidogo cha samaki au nyama ndani ya maharage nacho kinasaidia chuma cha maharage yenyewe kuingia. Ndiyo maana dagaa wachache ndani ya sufuria kubwa si mchezo.

Kinachozuia ni chai na kahawa. Hapa najua nagusa watu. Ndugu zetu Wasomali wana chai yao ya maziwa na viungo, Waethiopia wana kahawa yao ambayo haiishi kwa kikombe kimoja, na sisi Wakongo na Warundi tukipata chai ya rangi tunaona tumekula. Sisemi muiache. Ninasema isikutane tumboni na chakula. Kunywa saa moja kabla ya kula au saa moja baadaye. Na mtoto mdogo hahitaji chai kabisa, hata ile yenye sukari nyingi ambayo inamfanya anyamaze.

Jambo lingine ni hili la vitu vyekundu. Watu wengi wanaamini soda nyekundu inaongeza damu kwa sababu ya rangi. Nimekuta mama mjamzito ametumwa na mama mkwe wake kununua soda mbili kwa siku. Ile ni sukari na rangi. Pesa ya soda moja inakununulia dagaa wa kuweka kwenye chakula cha mtoto siku kadhaa.

Na maziwa? Tuko katika nchi ya Ankole, nchi ya ng'ombe wa pembe ndefu, na maziwa ni chakula kizuri sana kwa mifupa na kwa kukua. Lakini maziwa hayana chuma cha maana. Mtoto anayeshinda kwa maziwa ya ng'ombe peke yake atanenepa na bado damu itakuwa chini. Yachemshe, mpe, lakini yasichukue nafasi ya chakula. Na kabla hajafikisha mwaka mmoja, maziwa ya ng'ombe yasiwe kinywaji chake kikuu, kwa sababu maziwa ya mama bado yapo.

MAHARAGE

Maharage ndiyo nyama yetu, kwa hiyo yanastahili heshima. Yachague, toa yaliyooza na mawe, uyaoshe, uyaloweke jioni katika maji mengi mpaka asubuhi. Maji hayo yamwage, uyapike kwa maji mapya. Kuloweka kunafanya mambo mawili kwa wakati mmoja. Kunapunguza kile kitu ndani ya maharage kinachoshikilia chuma kisiingie mwilini, na kunapunguza muda wa kupika. Kila mwanamke aliyewahi kutoka alfajiri kwenda kutafuta kuni mbali, akirudi na hofu yake, anajua maana ya kupunguza saa moja ya moto.

Wengine wanatia magadi ili yaive haraka. Kweli yanaiva, lakini magadi yanaua vitamini za kundi B. Ukiloweka huna haja ya magadi. Tena nyanya usiitie mapema, kwa sababu uchachu wake unafanya maharage yakatae kulainika. Subiri yaive kwanza, ndiyo utie nyanya, kitunguu na mafuta.

Kama mnakosa kuni kabisa, jaribuni kikapu. Maharage yaliyolowekwa yanachemshwa kwa moto mkali nusu saa, halafu sufuria na kifuniko chake inaingizwa ndani ya kikapu kilichojazwa majani makavu ya migomba na blanketi la zamani, inafunikwa vizuri pande zote. Inaendelea kuiva yenyewe masaa kadhaa bila moto. Ukifungua, irudishe motoni ichemke tena kabla ya kula. Angalizo moja: usiruke ile nusu saa ya kuchemka. Maharage mekundu ambayo hayakuchemka sawasawa yanaleta kutapika na kuharisha.

Kwa mtoto mdogo, ponda maharage yenyewe, toa maganda kama yanamsumbua, ndiyo umpe. Mchuzi ni maji yenye rangi ya maharage. Hilo ndilo kosa tulilofanya sisi miezi mingi, na tulilifanya kwa mapenzi, tukidhani maharage ni mazito kwa tumbo lake.

MAJANI MAWILI, SHERIA MBILI

Lengalenga, ambayo watu wa hapa wanaiita dodo, na sombe havipikwi sawa. Nimeona watu wanavibadilisha.

Lengalenga ioshe kabla ya kukata, sio baada. Tia maji kidogo sana, funika, dakika chache tu inatosha, tia mafuta kidogo kwa sababu vitamini A inataka mafuta ili iingie mwilini. Usimwage maji yake. Ukiipika mpaka ikawa nyeusi umebaki na majani tu.

Sombe ni kinyume. Majani ya muhogo yana sumu ndani yake. Kutwanga kunaifungua sumu hiyo, na kuchemsha bila kufunika kunaitoa na mvuke. Kwa hiyo twanga vizuri, chemsha wazi kwa muda mrefu, halafu ndiyo utie dagaa, karanga na mawese. Kuhusu mawese, kuna desturi ya kuyaunguza kwanza mpaka yawe meupe. Ule wekundu unaouchoma ndiyo vitamini A yenyewe, ya macho na ya kinga ya mwili. Yatie mekundu kama yalivyo.

Na kwa sababu nimetaja muhogo, niseme kidogo zaidi, maana posho ikipungua watu wanakimbilia unga wa muhogo ambao ni wa bei nafuu. Muhogo mchungu lazima ulowekwe siku tatu au zaidi mpaka ulainike, ndiyo uanikwe mpaka ukauke kabisa. Njaa inatufanya tukate siku hizo. Mwezi wa Septemba 2017, hapa Uganda wilayani Kasese, watu 98 waliugua kwa sumu ya unga wa muhogo na wawili wakafa. Kwetu Kongo kuna ugonjwa unaoitwa konzo, ulioandikwa na madaktari mara ya kwanza mwaka 1938 katika eneo la Kwango. Mtu analala mzima, anaamka miguu imekakamaa, na haponi. Unawapata hasa watoto na wanawake, katika nyumba zinazokula muhogo mchungu usiotengenezwa vizuri, tena muhogo peke yake bila maharage wala samaki, kwa sababu mwili unahitaji protini ili kuiondoa ile sumu.

Kama umenunua unga na hujui ulitengenezwaje, kuna njia rahisi iliyofundishwa katika vijiji vya Kongo vilivyopata konzo. Changanya unga na maji uwe kama uji mzito, utandaze juu ya sinia au karatasi safi uwe mwembamba, usizidi unene wa kidole. Uache masaa mawili juani au masaa matano kivulini. Sumu inatoka hewani. Halafu upike siku hiyo hiyo. Ladha ya fufu haiharibiki, nimeshajaribu.

SAFARI YA KABEREBERE

Wengi wetu tukipata pesa tunapanda gari au boda mpaka Kaberebere, kwa sababu pale vitu ni vingi na wakulima wanaleta wenyewe. Isingiro ni wilaya ya matoke, malori yanatoka huku kwenda mpaka Kampala. Lakini angalia mikoba inayorudi kambini: sukari, mkate, biskuti, mafuta, sabuni, soda za watoto. Mimi mwenyewe nilikuwa narudi na biskuti kama zawadi, mtoto anafurahi, shangazi anasifiwa.

Baada ya mkanda wa njano, dada yangu na mimi tulikaa tukaandika orodha mpya kwa pesa ile ile. Dagaa, wale wanaoitwa mukene hapa, walikuwa wa kwanza. Malimau matano. Boga moja, ambalo linakaa wiki nyingi bila kuoza. Parachichi. Karanga kiasi. Viazi vitamu vyenye nyama ya rangi ya machungwa kama vinapatikana, kwa maana vina vitamini A nyingi kuliko vile vyeupe. Vilimpatia Robert Mwanga, mtafiti wa hapa Uganda, sehemu ya Tuzo ya Chakula ya Dunia mwaka 2016 pamoja na wenzake watatu, kwa hiyo usivione kama chakula cha maskini. Kama una shamba, uliza pia mbegu za maharage ya NAROBEAN, zilizotolewa na watafiti wa serikali ya Uganda. Zina chuma nyingi kuliko maharage ya kawaida, na kupika ni kule kule.

Kuhusu karanga na mahindi, kagua kabla ya kulipa. Zenye ukungu, zilizokunjamana au zenye rangi ya kijani au nyeusi, usichukue hata ukipunguziwa bei. Ule ukungu una sumu ya ini ambayo moto hauiondoi. Mwaka 2004 huko Kenya, upande wa Makueni na Kitui, watu 125 walikufa kwa kula mahindi ya ukungu. Ukifika nyumbani, viweke juu ya mbao, sio chini kwenye udongo.

Dagaa wa sokoni mara nyingi wana mchanga kwa sababu wanaanikwa chini. Waoshe kwa maji ya moto mara mbili tatu, wakaushe, wakaange bila mafuta mpaka wavunjike kwa mkono, halafu watwange wawe unga. Vichwa usivitupe. Weka unga huo kwenye kopo lenye kifuniko. Kijiko kimoja ndani ya chakula cha mtoto kila siku. Dada yangu aliogopa mtoto atakataa kwa harufu, na siku ya kwanza kweli alitema. Siku ya tatu alikuwa anafungua mdomo.

UJI NA SAHANI YA MTOTO

Maziwa ya mama peke yake yanatosha mpaka miezi 6, bila maji, bila uji. Baada ya hapo mtoto aanze chakula na aendelee kunyonya mpaka miaka 2 au zaidi. Miezi 6 hadi 8 ale mara mbili au tatu kwa siku. Kuanzia miezi 9 ale mara tatu au nne, na kitu kidogo katikati kama ndizi mbivu au parachichi.

Tumbo la mtoto ni dogo kama ngumi yake. Ukilijaza uji mwepesi unaonyweka kama chai, umelijaza maji. Uji wa mtoto ukaze, ukiinua kijiko ukae juu ya kijiko. Tia ndani karanga zilizosagwa, au unga wa dagaa, au mafuta kijiko kidogo.

Halafu sahani. Sisi tunakula kwenye sinia moja, ni desturi nzuri na sitaki tuiache. Lakini chunguza siku moja utaona: kaka mwenye miaka 9 ana mkono wa haraka, na mwenye mwaka mmoja na nusu anabaki anashika posho tupu. Mwekee sahani yake ndogo kwanza, mtu mzima akae naye mpaka amalize, ndiyo wengine waanze kwenye sinia. Na akina baba zetu mtanisamehe, kile kipande cha samaki kinachowekwa kwa baba kwa heshima, baba mwenyewe anaweza kukikata na kumpa mtoto au mama mjamzito. Shemeji yangu alianza kufanya hivyo bila kuambiwa, akasema tu yeye hapendi mifupa.

BUSTANI YA GUNIA

Kuna bibi mmoja Mrundi katika kijiji chetu ambaye tulikuwa tunamcheka. Kila jerikani iliyopasuka alikuwa anaomba apewe. Kiwanja chake ni kidogo na udongo wake ni mawe. Alikata zile jerikani, akachukua na magunia ya posho, akayajaza udongo uliochanganywa na mbolea ya mbuzi. Katikati ya gunia aliweka nguzo ya kokoto ili maji yashuke mpaka chini, na pembeni akatoboa matundu ya kupanda. Anamwagilia maji aliyooshea mboga na viazi. Lengalenga inakuwa tayari kuchumwa baada ya wiki tatu au nne, na ukichuma majani bila kung'oa inaota tena. Wakati wa kiangazi, sisi wote tukienda sokoni kununua fungu dogo la majani yaliyokauka, yeye alikuwa anachuma mlangoni. Siku hizi tunanunua kwake.

Nilipomuuliza ni nani alimfundisha, alinijibu kwamba amekimbia mara mbili maishani, na mara zote mbili aliacha shamba. Akasema gunia linaweza kubebwa.

Sasa nyumbani kwetu tuna magunia matatu. Moja lilikufa kwa sababu nilitia mbolea mbichi ikachoma mizizi. Acha mbolea ioze kwanza.

CHAKULA PEKE YAKE HAKITOSHI

Damu inapungua kwa sababu nyingine pia, na usimlaumu mpishi kwa kila kitu. Malaria inaua chembe za damu, kwa hiyo lala ndani ya neti kila usiku na mtoto akiwa na homa apimwe siku hiyo hiyo. Minyoo inanyonya damu. Kila mwaka mwezi wa Aprili na wa Oktoba, watoto hupewa dawa ya minyoo na vitamini A katika siku za afya ya mtoto. Msikimbie foleni. Wajawazito wapewe vidonge vya damu kliniki na wavimeze. Choo kikiwa cheusi ni kwa sababu ya vidonge, si ugonjwa. Na wewe mama au msichana unayejikuta una hamu ya kula udongo, ule unaouzwa sokoni, hamu hiyo mara nyingi ni alama ya damu pungufu. Udongo hauleti damu, unaweza kukuletea mayai ya minyoo. Njoo upimwe.

Mtoto akipewa Plumpy'Nut kituoni, ile ni dawa yake. Isigawanywe kwa ndugu zake wala isiuzwe dukani. Najua inauzwa, na najua kwa nini inauzwa, lakini mtoto aliyeandikiwa ndiye anayebaki kwenye nyekundu.

Mtoto wetu alichukua karibu miezi miwili. Wiki ya pili mkanda haukusogea kabisa na dada yangu alikata tamaa, akasema dagaa ni kazi bure. Wiki ya nne ulikuwa 12.3. Wiki ya nane 12.7. Kwenye viganja rangi ilirudi mapema zaidi, kabla ya mkono kunenepa. Nikarudi kwa yule mama aliyenikatalia, nikamweleza alikuwa na haki. Akanipa mtoto wake nikampima, alikuwa kijani.

Nenda kituo cha afya bila kungoja mkanda ukiona mtoto ana viganja vyeupe, anapumua haraka, analala kila wakati na hataki kucheza, miguu yote miwili imevimba, au anatapika kila anachokula. Usiku pia uende. Wale ambao hali yao ni kubwa wanapelekwa Hospitali ya Rufaa ya Mbarara. Kupima kwa mkanda hakulipiwi na hakuchukui dakika moja. Ukimwona VHT anapita na hajaingia kwako, mwite.